Judo kwa mtu mzima mwenye hofu: uzoefu wangu katika kumbi za Lubumbashi

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mzima wa hapa Lubumbashi ambaye angependa kujifunza mchezo wa kujihami lakini, kila apitapo mbele ya ukumbi na kusikia vishindo vya ndani, huongeza mwendo. Mimi ni mwanamke niliyevuka miaka arobaini, kazi yangu ni uhasibu, hukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na tangu nilipomaliza shule ya sekondari sikuwa nimeshiriki mchezo wowote. Kabla ya kuamua nilitembelea kumbi za karate, ngumi, taekwondo na judo, nikajaribu mazoezi ya mwanzo katika baadhi yake, kisha nikabaki na judo, ambayo naendelea nayo hadi sasa. Kumbi zenyewe sitazitaja kwa majina, kwa kuwa walimu huhama na ukumbi hubadilika pamoja nao. Nitaeleza nilichokiona, ili msomaji akikiona kwingine akitambue.

Hofu ya mtu mzima ni mbili, na ni vema kuzitenganisha tangu mwanzo. Ya kwanza ni hofu ya kuumia: mkono ukivunjika, ni nani atakwenda kazini, ni nani atapika, na bili ya hospitali italipwa na nani. Ya pili ni hofu ya kuonekana: kusimama pekupeku mbele ya vijana wa umri wa watoto wako na kukosea hadharani jambo ambalo mtoto wa miaka kumi analifanya bila kufikiri. Watu huulizana sana ni mchezo upi ulio mkali zaidi, na swali hilo halimsaidii hata kidogo mtu anayeogopa. Ajiulize kwanza ni ipi kati ya hofu hizi mbili inayomzuia mlangoni, kwa sababu kila mchezo huigusa moja mapema na kuiacha nyingine kwa baadaye.

Karate niliiona katika ukumbi mmoja wa Kampemba. Walikuwa wakifundisha Shotokan, mtindo unaotokana na mafundisho ya Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeuonyesha mchezo huo Tokyo mwaka 1922. Kwa anayeogopa kuumia, karate ni mlango mzuri sana. Mgeni hupangwa mstari wa nyuma, hufundishwa kusimama, kupiga ngumi hewani na kukinga, na kwa muda mrefu hakuna anayemgusa. Hata wanapoanza kupambana wawili wawili, anayeshambulia hutangaza pigo lake kabla ya kulipiga, na mwenzake anajua ajikinge wapi. Nilipenda nidhamu hiyo. Lakini baadaye huja kata, yaani mfululizo wa mapigo na hatua ambao mtu huufanya peke yake. Kata ya kwanza, Heian Shodan, ina miondoko 21, na mwanafunzi huifanya katikati ya ukumbi huku wengine wamesimama kimya wakimtazama. Mtu ambaye hofu yake ni macho ya watu atateseka pale kuliko mahali pengine popote, nami ndivyo nilivyo. Sakafu pia ilikuwa saruji tupu, na magoti yangu yalilalamika tangu jioni ya kwanza.

Ngumi ina wapenzi wengi katika nchi yetu tangu usiku ule wa tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa, na hapa kwetu ukumbi wa ngumi hauko mbali na nyumba ya mtu yeyote. Mazoezi yenyewe ni mazuri mno: kuruka kamba, kufunga bandeji mikononi kwa utulivu, kupiga gunia kwa raundi za dakika tatu na kupumzika dakika moja. Hakuna anayekutazama, kwa sababu kila mtu anahangaika na pumzi yake. Shida yangu ilikuwa ukumbi nilioutembelea, ambako wageni walikuwa wakiingizwa ulingoni mapema mno, bila kofia ya kichwa wala kilinda meno, wapigane na watu waliowazidi uzoefu. Pigo la kichwani si sawa na mchubuko wa mguu. Ubongo hautibiwi kwa barafu, na mimi kesho yake nina hesabu za watu za kufunga. Atakayechagua ngumi amwulize mwalimu waziwazi kama mtu anaweza kufanya mazoezi yote ya gunia na kamba bila kuingia ulingoni kamwe. Wapo walimu wanaokubali bila kinyongo, na kwao ningempeleka hata mama yangu mdogo.

Kuhusu taekwondo nitasema kifupi. Ni mchezo wa mateke ya juu, unapendeza sana kuutazama, na vijana wa ukumbi ule walinipokea kwa heshima. Nyonga zangu, baada ya miaka mingi ya kukaa kitini, hazikuwa tayari.

Nilipofika kwenye judo nilikuwa na wasiwasi kuliko kwingine kote, kwa kuwa nilijua kwamba ni mchezo wa kuangushana. Nilichokuta kilinishangaza. Ukumbi ni wa kawaida tu, umeezekwa bati, na tatami, yaani mkeka wa kuangukia, imetengenezwa hapohapo: unga wa mbao ulioshindiliwa ndani ya fremu na kufunikwa kwa turubai lililokazwa pande zote. Mwalimu, mzee mwenye sauti ya chini, hakuniuliza kwa nini nimekuja wala hakunitaka nionyeshe nguvu. Aliniketisha juu ya turubai, akaniambia, “Mama, tutaanza kwa kuanguka, na tutaanguka kutoka hapa ulipoketi.” Kwa majuma ya mwanzo sikufanya kazi nyingine. Unaketi, unakunja mikono kifuani, unajiachilia nyuma, na kabla mgongo haujafika chini unapiga turubai kwa mikono yote miwili, viganja vimefunguka, mikono imetanuka kidogo kutoka ubavuni. Pigo hilo la mikono husambaza uzito uliokuwa unakuja mgongoni. Kidevu lazima kibane kifua, na njia ya kukibana ni moja: tazama fundo la mkanda wako. Jicho likiondoka kwenye fundo, kichwa hurudi nyuma na kisogo kinagonga chini. Ukishazoea kuketi, unachuchumaa. Ukishazoea kuchuchumaa, unasimama. Kisha unaanguka kwa ubavu, na mwisho kwa kubiringika mbele juu ya bega.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba judo inazikabili hofu zote mbili kwa pamoja na mapema. Hofu ya kuumia inapewa kazi ya kufanya, kwa kuwa mwili unajifunza jinsi ya kufika chini salama kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuuangusha. Hofu ya kuonekana nayo haipati nafasi, kwa sababu katika ukumbi wa judo kila mtu anaanguka jioni nzima, mwenye mkanda mweupe wa wanaoanza na mwenye mkanda mweusi wa waliobobea, na kishindo cha mmoja humezwa na vishindo vya wengine. Jigoro Kano, aliyeanzisha mchezo huu Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa bingwa wa lolote. Alichukua mbinu za jujutsu, sanaa ya zamani ya Kijapani ya kupigana, akaziondoa zile za kujeruhi katika mapambano ya mazoezi, ili watu waweze kushikana kwa nguvu zao zote na kesho yake wakutane tena wakiwa wazima. Uamuzi huo unaonekana hadi leo katika jambo dogo ambalo mtazamaji wa nje halioni. Anayekuangusha haachii mkono wako wa nguo. Wakati unaelekea chini, yeye anauvuta mkono huo juu, na mvuto huo ndio unaokugeuza uanguke kwa ubavu na kukupunguzia kishindo. Mara ya kwanza nilipoangushwa na kijana wa mkanda wa kahawia nilisikia vidole vyake vikikaza nguo yangu kwenye kiwiko hadi nilipotua, na hapo mabega yangu yalilegea kwa mara ya kwanza tangu niingie ukumbini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni ni huu: omba kufanya mazoezi na wenye mikanda ya juu. Huenda ikaonekana kinyume, kwa kuwa mtu mwenye hofu humtafuta mwenzake aliyeanza juzi. Lakini anayeanza hajui kuushika mkono wa nguo, huvuta kwa nguvu zote, huanguka pamoja nawe na pengine juu yako. Mwenye mkanda wa kahawia au mweusi anajua ni kiasi gani cha kukupa. Na siku zote una haki ya kugonga: ukibanwa chini na pumzi ikapungua, unampiga mwenzako mara mbili kwa kiganja, naye anaachia papo hapo. Hakuna anayeuliza sababu.

Wanawake wenzangu wataniuliza juu ya kushikwa. Ni swali la haki, kwa sababu judo ni mchezo wa miili iliyokaribiana, na katika mazoezi ya chini mtu anakulalia kifuani. Nilimweleza Mwalimu jambo hilo kabla ya kulipa hata franka moja. Alinipanga na wasichana wawili wa chuo kikuu, na baada ya muda, nilipokuwa tayari mimi mwenyewe, na wanaume wazima ambao tabia zao anazijua. Kuna ukumbi mwingine ambako swali hilo lilijibiwa kwa kicheko, nami sikurudi. Wanawake wameshindania medali za judo katika Olimpiki tangu Barcelona mwaka 1992. Mwalimu ambaye bado anashangaa kumwona mama ameingia ukumbini hajafuatilia mchezo wake mwenyewe.

Mwalimu ana uzito kuliko mchezo. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu aliyeikimbia vita akiwa mtoto na kujifunza judo Kinshasa, alishiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi na kushinda pambano lake la kwanza. Huyohuyo aliwaeleza wanahabari kwamba, alipokuwa bado nchini, mchezaji aliyeshindwa alifungiwa na kupewa chakula kidogo. Judo ileile iliyomjenga mtoto aliyetenganishwa na familia yake ilitumiwa kumwadhibu. Ndiyo maana naomba kila anayetafuta ukumbi aketi pembeni jioni nzima kabla ya kujiandikisha, asiangalie mabingwa, amwangalie yule dhaifu kuliko wote na jinsi anavyosemeshwa anapokosea. Mwalimu anayekataa mtazamaji aachwe. Anayeahidi kwamba baada ya miezi michache utawashinda majambazi aachwe haraka zaidi. Wa kwangu alisema wazi kwamba mtu akikutolea kisu au bunduki usiku, umpe mkoba na uende zako. Faida niliyoipata ni nyingine: nimeteleza kwenye ngazi zenye maji kazini nikatua kwa ubavu, kidevu kifuani, nikainuka na mafaili yangu.

Maumivu yapo, na sitaki kumficha mtu. Vidole huvimba kwa kushika nguo nzito, shingo hukaza, na mabega na magoti ndivyo viungo vinavyoumia zaidi katika judo ikiwa mtu anang’ang’ania kutoanguka. Kucha zikatwe fupi, za mikono na za miguu, na hereni zibaki nyumbani. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inapoingia hadi kwenye turubai, kupasha mwili moto kunahitaji muda mrefu zaidi, na mtu wa umri wangu asikubali kuruka hatua hiyo hata akichelewa kutoka kazini. Masika mvua hupiga bati kwa kelele hata Mwalimu hufundisha kwa mikono.

Kwa gharama, ada ya mwezi ninayolipa ni dola kumi au thamani yake kwa franka. Kimono, yaani nguo ya mazoezi, ndiyo mzigo. Ile ya karate ni nyepesi, na ukiivaa kwenye judo itachanika begani siku ileile, kwa hiyo usidanganyike na bei yake. Yangu niliipata kati ya mitumba ya soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nzito, iliyofumwa vizuri, mikono imezidi kidogo, fundi akaipunguza. Kumbi nyingi humruhusu mgeni aanze kwa suruali ndefu na koti kuukuu la kimono la ukumbi, hivyo usinunue chochote mpaka uwe na hakika kwamba utarudi.

Mwenye goti lililowahi kufanyiwa upasuaji au bega linalochomoka, mimi nisingempeleka judo kwanza. Ningempeleka karate, katika ukumbi wenye sakafu ya mbao au mikeka, na ningemwambia amweleze mwalimu hali yake faraghani kabla ya jioni ya kwanza, ili asiulizwe mbele ya wote kwa nini haruki.