Nzi wa Kuanzia kwa Mvuvi wa Trauti: Sanduku la 50 au Kopo la 12?

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hapa mezani nina sanduku la nzi bandia 50, yaani ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu, za kuvulia samaki aitwaye trauti; ni la aina ambayo anayeanza hushawishiwa kununua, na pembeni yake kuna kopo la vidonge nililotia nzi 12 tu. Nimevua kwa vyote viwili katika mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, ambako trauti ni mgeni aliyeletwa na walowezi mwaka 1905 na kupandikizwa katika Mto Gura, na siku hizi natoka nyumbani na kopo peke yake.

Tazameni kwanza huyu mwekundu wa sandukuni. Tundu la ndoana limezibwa na vanishi, kwa hiyo utakapokuwa umesimama mtoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, mshipi hautapita hata ukiulamba mara kumi. Mwenzake huyu, nikimgusa kwa ukucha, manyoya yote yanazunguka kwenye shina la ndoana kwa sababu uzi haukukazwa. Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ni uchaguzi wenyewe: wengi wao ni wakubwa, wana rangi kali, tena ni wa kuelea, ilhali trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kwenye mawe wanakoishi viluwiluwi vya wadudu. Aliyelipanga sanduku hili alimfikiria mnunuzi, si samaki.

Ndiyo maana nzi wa kwanza kununua awe wa kuzama, na chaguo langu ni Pheasant Tail. Alibuniwa na Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon huko Wiltshire, Uingereza, ambaye hakutumia uzi hata kidogo: alifunga nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege fezanti kwa waya mwembamba wa shaba, na waya huohuo ndio ukawa uzito wa kumzamisha nzi. Nikimsogeza karibu na kamera mnauona mwili mwembamba wa hudhurungi, kifua kilichotuna kidogo, na waya uking'aa katikati ya nyuzi. Kwa kuwa maji ya milimani yana kasi, mchukueni mwenye shanga ya chuma kichwani, namba 14 na 16. Na mjue kwamba namba ikipanda ndoana hupungua, jambo lililonifanya niagize ndoana kubwa kupita kiasi mara yangu ya kwanza.

Hare's Ear, wa manyoya ya sungura, hufanya kazi iyo hiyo, na msimkatae kwa kuwa anaonekana amechakaa, kwani manyoya yaliyotimka huchezacheza majini kama miguu ya mdudu. Kwa wa kuelea, aina moja inatosha: Adams wa kijivu, namba 14, aliyebuniwa na Len Halladay kule Michigan, Marekani, mwaka 1922, ambaye hafanani na mdudu mmoja maalumu na kwa hiyo hukubalika kwa wengi. Mvua ikinyesha na maji yakachafuka, fungeni Woolly Bugger mweusi, nzi wa kuzama mwenye manyoya mengi, namba 10, mumvute polepole kwenye vidimbwi.

Nunueni watatu wa kila aina, kwa sababu matawi ya msituni yatadai sehemu yake. Kenya ina mafundi wanaofunga nzi kwa mkono na kuwauza hadi Ulaya na Marekani, kwa hiyo si ajabu nzi unayemwagiza ng'ambo akawa amefungwa Nairobi.

Kabla ya kutupa mshipi, bonyezeni chembe cha ndoana, yaani kijino kinachoizuia isichomoke, kwa koleo hadi kilale, ili samaki mdogo aachiliwe bila kuchanwa mdomo. Kopo langu nalo lina kasoro moja: halipitishi hewa, hivyo nzi waliolowa sharti waanikwe usiku kucha kabla ya kurudishwa ndani. Hawa wawili niliwafungia wakiwa wabichi, na kutu mnaiona.