Chini ya mkuku wa Cutty Sark

Merikebu ya matanga ya Cutty Sark, inayohifadhiwa Greenwich, London, iliundwa Dumbarton, Uskoti, mwaka 1869 ili kusafirisha chai kutoka China, na mwaka huohuo Mfereji wa Suez ukafunguliwa na kuzipa meli za mvuke njia ya mkato. Baada ya kushindwa katika biashara ya chai, ikageukia sufu ya Australia, na hapo ndipo ilipong'ara, kwani mwaka 1885 ilisafiri kutoka Sydney hadi London kwa siku 73.

Ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini ya kupakilia shehena, mgeni huona mataruma (mbavu za meli) ya chuma yaliyofunikwa kwa mbao, muundo uliopunguza uzito na kuacha nafasi kubwa zaidi ya shehena. Moto wa mwaka 2007 ulikiharibu chombo, ingawa milingoti na mbao nyingi zilinusurika kwa kuwa zilikuwa zimeondolewa kwa ajili ya matengenezo. Ilipofunguliwa tena mwaka 2012, ilikuwa imeinuliwa takriban mita tatu ndani ya chelezo chake, yaani gati kavu, hivyo mtu hupita chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa merikebu, na kutazama mabamba ya rangi ya dhahabu yanayofunika tumbo la merikebu. Kwangu, sehemu hiyo peke yake inatosha kuhalalisha kiingilio. Paa la kioo linalouzunguka mwili wake silipendi, maana ukiwa nje linaficha umbo lililoipa kasi. Sitahani, hata hivyo, kamba na milingoti humsahaulisha mtu kioo hicho.