Mashine ndogo ya kukereza: mkono unazunguka, kisu kimelala

Karibuni tena wadau, niko Kisumu, kwenye karakana ya vijana wa chuo wanaojiundia gari la mashindano. Mota, uzito, kasi ya mashine hii ya kukereza vyuma, hayo yako kwenye katalogi, someni wenyewe. Leo nina ugomvi na kitu kimoja tu: hili gurudumu la kusogezea kisu.

Leta kamera. Karibu zaidi. Nimeweka saa ya kupimia, ncha yake inagusa kishikio cha kisu. Nazungusha mbele, mshale unatembea, safi. Sasa narudisha. Hesabuni nami alama za gurudumu: moja, mbili, tatu, nne... mshale umesinzia! Tano, sita, ndipo unashtuka. Huo ndio mchezo, yaani ulegevu, kati ya skrubu na nati yake. Kila alama ni milimita 0.02, kwa hiyo 0.12 imeishia hewani.

Utasema, kaka, hiyo ni kitu gani? Haya, shika hii habu, kitovu cha gurudumu la gari lao. Inaingia ndani ya beringi ya 6206, tundu lake milimita 30. Ukifuata kipimo cha k6, yaani cha kubana kidogo ndani ya beringi, kipenyo cha habu kinatakiwa kizidi 30 kwa 0.002 hadi 0.015, basi. Na kisu kikiingia 0.01, kipenyo kinapungua 0.02. Ukipitiliza, habu inakuwa nyembamba, beringi inazunguka juu yake, na dereva yuko kwenye kona.

Kwa hiyo ukipita kipimo, usirudi kidogokidogo. Rudi mzunguko mzima, kisha uje mbele upya. Tena nimefungua hapa nikakaza nati: alama sita zimebaki mbili. Mmh, hapo nimeanza kuipenda. Lakini kiwandani walishindwa nini?

Alumini nayo inakatika vizuri, tazama unavyong'aa huo uso. Ni matone ya mafuta ya taa tu. Bila hayo vumbi lake linagandia ncha ya kisu.

Najua mafundi wa Kibuye wataniambia nitafute Colchester, mashine kubwa kuukuu ya kukereza ya Uingereza. Kweli, ile haitetemeki. Utaibeba na nini, na hapo kwako una umeme wa fezi tatu?

Wale wa mashine ya kufreza, video yenu inakuja, kamera ya pili bado iko kwa fundi. Sabskraibu usiikose.

Bei? Nimeambiwa laki na themanini. Kwa mashine unayoifungua kabla hujaitumia! Laki na thelathini naichukua leo. Mwenye duka, kama unatazama, namba yangu unayo.