Ukumbusho wa Dag Hammarskjöld, Ndola: nendeni, ila msiende mbiombio

Ukitoka Ndola kwa barabara ya Kitwe, hufiki mbali kabla ya kukuta njia inayochepuka kuingia kwenye miombo. Huko ndiko ilikoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Leo ni eneo la urithi wa taifa la Zambia, lenye mnara wa ukumbusho na jumba dogo la makumbusho. Mimi nimefanya kazi masijala serikalini mpaka nikastaafu. Naandika kwa ajili ya Watanzania wenzangu wanaopita Copperbelt, jimbo la migodi ya shaba la Zambia, kwa biashara au kusalimia ndugu, kwa sababu wengi wanapita pale bila kujua, na pale panatuhusu sana.

Kampuni iliyotuchukua kutoka Tunduma, ambayo siitaji, ilikuwa imepanga tukae nusu saa. Watu wakashuka, wakapiga picha mnarani, wakaulizana choo kiko wapi, honi ikapigwa. Nilimwambia kijana aliyekuwa anatuongoza, "Mwanangu, hapa wamekufa watu kumi na sita. Nusu saa inatosha kusoma nini?" Akanijibu kwa adabu, "Mama, ratiba ndiyo hiyo, Kitwe wanatusubiri." Kesho yake nikarudi peke yangu na teksi, dereva mzaliwa wa Lubumbashi, tukizungumza Kiswahili chake na changu njia nzima. Tathmini hii inatokana na siku hiyo ya pili. Ile ya kwanza haikuwa ziara.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana vijana wetu wanalisikia jina kwa mbali tu. Alizaliwa Jönköping, Sweden, tarehe 29 Julai 1905. Baba yake aliwahi kuwa waziri mkuu, lakini yeye hakupandia majukwaa ya siasa. Alipandia mezani, kwa kazi: mtendaji mkuu katika wizara ya fedha akiwa na miaka thelathini na kidogo, kisha mwenyekiti wa bodi ya benki kuu, kisha wizara ya mambo ya nje. Aprili 1953 akaingia New York kuongoza Umoja wa Mataifa. Mwaka 1955 alifunga safari mpaka Beijing kuzungumza na Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, juu ya wanajeshi wa anga wa Marekani waliokuwa kifungoni China, na wakaachiwa. Mwaka uliofuata, vita vilipowaka kwenye Mfereji wa Suez kule Misri, chini yake likaundwa jeshi la kwanza la Umoja wa Mataifa la kulinda amani. Zile kofia za buluu wanazovaa vijana wetu wa JWTZ wakienda Kongo, na walizovaa Darfur, zilianzia hapo. Na tangu 1997 kuna Medali ya Dag Hammarskjöld, inayotolewa kwa heshima ya walinda amani waliokufa kazini. Desemba 2017 tulipokea miili ya askari wetu waliouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo jina hili limeshaingia kwenye misiba ya nyumba za Watanzania, tulijue tusilijue.

Sasa usiku wenyewe. Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo, ilikuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe, na Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga walikuwa wanapigana. Hammarskjöld alikuwa anakwenda Ndola kukutana na Tshombe ili mapigano yasimame. Ndege yake, DC-6 iliyoitwa Albertina, ilikuwa imepigwa risasi asubuhi ile Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ikatengenezwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Ikaondoka jioni bila kutangaza inakokwenda kweli, ikazunguka mashariki kabisa kukwepa anga la Katanga, ikafika Ziwa Tanganyika, ndipo ikakata kusini. Hapo nilisimama kwa muda. Mtu huyu, saa zake za mwisho, alipita kwenye ziwa letu gizani.

Saa sita usiku na kama dakika kumi rubani alisema anaziona taa za Ndola. Baada ya hapo kimya. Wakubwa wa kikoloni waliokuwa uwanjani wakajiambia huenda Katibu Mkuu ameghairi, ameelekea kwingine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Mabaki yakatangazwa kuonekana alasiri ya siku hiyo, wakati yalikuwa umbali wa kama kilomita 15 tu kutoka uwanjani. Mwili wa Hammarskjöld ulikutwa nje ya moto, kando ya kichuguu. Ukiwa pale unaelewa, maana vichuguu vya Copperbelt ni vikubwa, vyekundu, vinampita mtu kimo, na huwezi kuvitazama tena kama udongo wa kawaida ukishalijua hilo.

Waliokuwa karibu kuliko wote usiku ule ni wachoma mkaa. Wako waliosema waliona ndege nyingine angani na mwanga uliomulika kabla ya kishindo. Walikuwa watu weusi katika Rhodesia ya Kaskazini, koloni la Mwingereza ambalo leo ni Zambia, na tume ya wakoloni ikauweka ushahidi wao kando. Mwaka 1962 ikasema rubani ndiye aliyekosea. Harold Julien, mlinzi wa Umoja wa Mataifa aliyetolewa hai akiwa ameungua, naye alizungumza juu ya mlipuko. Alifariki baada ya siku chache, na maneno yake yakahesabiwa ni ya mgonjwa anayeweweseka. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, haikukubali kufunga jambo; ilisema haiwezi kuondoa uwezekano wa hujuma wala wa shambulio.

Niseme kwa lugha ya kazi yangu. Masijala, kila karatasi inayoingia kwenye jalada inapewa namba ya folio. Karatasi ya tatu ni folio ya 3, hata kama ni kipande cha barua ya mlinzi wa geti anayelalamikia taa. Cheo cha aliyeandika hakiigusi namba. Na karatasi ikinyofolewa, namba zinasema: unatoka 41 unakutana na 43, na afisa masijala anayejiheshimu haendelei mpaka 42 ipatikane au aliyeichukua aandike jina lake. Wachoma mkaa wa Ndola ni folio iliyonyofolewa. Kwa zaidi ya miaka hamsini jalada lilisomwa bila wao.

Aliyerudi kuitafuta ni wa kwetu. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu tangu 2010 mpaka 2017, kuongoza jopo la kuupima ushahidi mpya, na baadaye akaachiwa kazi hiyo yeye mwenyewe. Ripoti yake ya 2017 ilisema inaelekea inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ndege kuanguka. Wale mashahidi wa kijijini wakapewa uzito waliostahili. Katika ripoti zilizofuata amekuwa akisema wazi kwamba zipo nchi ambazo huenda zinakalia taarifa muhimu, zikiwemo Marekani, Uingereza na Afrika Kusini. Ninajivunia hili kuliko ninavyoweza kuandika. Mtumishi wa umma wa Sweden amekufa, na anayemdai haki yake kwa uvumilivu, barua baada ya barua, ni mtumishi wa umma wa Tanzania.

Sitaki kumfanya malaika. Waafrika wengi walimlaumu, na wanamlaumu mpaka leo, kwa yaliyompata Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 wakati Kongo imejaa askari wa Umoja wa Mataifa. Dereva wangu alilisema hilo kabla sijalitaja: "Mama, na Lumumba nani alimlinda?" Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kukubali kwamba swali ni halali. Naamini Hammarskjöld alikuwa na kosa zito katika hilo, kwa kushika sana kanuni ya kutoingilia siasa za ndani wakati mtu anawindwa. Naamini pia kwamba alipopambana na Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti aliyemtaka ajiuzulu, Oktoba 1960, akisema hatajiuzulu kwa sababu Umoja wa Mataifa unahitajiwa na nchi ndogo kuliko mataifa makubwa, alimaanisha. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuingia Umoja wa Mataifa tarehe 14, chini ya miezi mitatu baada ya kifo chake. Tulikuwa mojawapo ya hizo nchi ndogo. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka ule alipewa akiwa tayari kaburini.

Kitu nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote ni majina ya wale wengine. Mgeni anakuja kwa ajili ya mmoja, na ni haki yake, lakini msiondoke bila kumtafuta Alice Lalande. Alikuwa Mkanada, katibu muhtasi katika ofisi ya Umoja wa Mataifa pale Léopoldville, mwanamke pekee ndani ya ndege. Aliitwa safari ya usiku, kwenda kwenye mazungumzo ya kusimamisha vita, kwa sababu mazungumzo yanahitaji mtu wa kuyaandika. Nimefanya kazi na makatibu muhtasi wa namna hiyo, wanaoambiwa saa kumi jioni kwamba bosi anasafiri usiku na wanatoka na mkoba tayari. Wakistaafu wanapewa cheti na picha ya pamoja. Kutamka jina lake kwa sauti pale, mbele ya dereva wangu, lilikuwa jambo la heshima kwangu.

Kwa anayetaka kwenda: chukua teksi mjini, patana na dereva akusubiri, usiachwe porini. Wanaofika kwa ndege wana nafuu, kwa kuwa uwanja mpya wa Simon Mwansa Kapwepwe, uliofunguliwa 2021, uko upande huohuo wa mji. Nenda asubuhi. Septemba ni mwezi mzuri, miombo inachipua majani mekundu na kumbukumbu ya mwaka inaangukia tarehe 18, ila jua ni kali, beba maji na kofia. Ripoti za Jaji Othman zinasomwa bure kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa. Pitia japo moja kabla hujaondoka nyumbani, utayaelewa maelezo ya makumbusho mara mbili zaidi. Ukienda na watoto wa sekondari, waache waulize kuhusu Lumumba.

Na ninyi wenye kampuni za safari za Tunduma na Nakonde, wekeni saa mbili. Kitwe itasubiri.