Redio na vikorokoro vya ndani ya gari: kama unaendesha usiku huku kusini, nunua hivi

Meseji ninazopata kwa wenye magari wa Mtwara, Masasi na Newala siku hizi zinafanana sana: nimefunga redio kubwa ya Android, mchana safi kabisa, usiku barabara siioni vizuri. Kuna dada wa Newala kanitumia picha aliyopiga akiwa siti ya dereva, gari imepaki, na kwenye kioo cha mbele ile skrini imejichora nzima mpaka jina la wimbo unalisoma, tena imekaa upande wa kushoto, palepale ambapo mwenye baiskeli na gunia lake la korosho angetokea. Na baiskeli zetu mnazijua, taa hazina, rifleta hazina.

Kwa hiyo leo sitaongelea inchi wala RAM wala kamera ya nyuma, hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe bila kumuuliza. Mi naangalia kitu kimoja: usiku kinawaka vipi?

Nyuma ya redio kuna waya wa njano, huo una umeme muda wote na ndio unatunza stesheni zako, kuna mwekundu unaopata umeme ukiwasha swichi, kuna mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari, halafu kuna wa chungwa (mwingine unakuwa na mstari mweupe). Huo wa chungwa unaunganishwa na taa ndogo. Ukiwasha taa, umeme unapita pale, redio inajua kumeshakuwa giza na inashusha mwanga yenyewe. Sasa mafundi wengi wanauzungushia tepu nyeusi wanausukuma ndani, ukiuliza unajibiwa "dada, huo hauna kazi, mbona redio inalia?" Kulia inalia, ndio, ila inakuwakia usoni kama mchana kutoka Mnazi Mmoja ya Lindi mpaka Nangurukuru, macho yameshazoea mwanga wa ndani, nje unaona nusu tu ya vitu. Na wala sio kazi kubwa, ni kuunganisha waya mmoja!

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni Sony, na sifichi kwamba naipendelea. Ukiipata XAV-AX100, hata iliyotumika lakini nzima, chukua. Skrini yake ni ya inchi 6.4, wengine wanaiona ndogo, mi naona inatosha, ina CarPlay na Android Auto kwa hiyo ramani na nyimbo zinatoka kwenye simu yako, na kwenye seting kuna sehemu ya kushusha mwanga unaiweka ijiendeshe yenyewe, mradi waya wa chungwa uwe umefungwa. Na zaidi ya yote, ina kitufe cha kuzungusha cha sauti. Mtu hajui thamani ya kitufe hicho mpaka aendeshe barabara ya vumbi yenye makorongo, kidole kinatafuta alama ya sauti kwenye kioo, gari inaruka, unabonyeza kingine, unainama kuangalia, na mbele kuna mbuzi. Kitufe unakishika bila kuangalia. Kama gari yako ni Toyota ya Japani angalia na fremu, maana nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi ina upana wa milimita 200 na redio za kawaida ni 178, usipoweka vipande vya pembeni unabaki na matundu na vumbi linaingia.

Namba mbili Pioneer. Sauti nzuri, inadumu, inashusha mwanga vizuri, ila nyingi zenye skrini zina vitufe vya kubonyeza, cha kuzungusha hakuna. Sina zaidi.

Namba tatu itawashangaza: redio ileile iliyokuja na gari kutoka Japani. Watu wanaing'oa kwa sababu FM yake inaishia 90, au 95 kwa za karibuni, na stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Funga ekspanda, kile kifaa kidogo cha kushusha masafa, kwenye waya wa antena, stesheni zinashuka unazipata, na mwanga wake umeshaunganishwa na taa tangu kiwandani, ukiwasha taa inafifia. Kwa mwenye IST au Passo ya kwenda kazini na sokoni hii inatosha kabisa.

Namba nne, Android za bei rahisi zisizo na jina. Ukiwa nayo tayari, mwambie fundi atafute waya wa chungwa. Basi.

Vingine haraka haraka. Chaja za gari: achana na zile zenye duara la bluu linalowaka, nalo linaakisi kwenye kioo, Anker wanazo zenye kataa kadogo. Dashkamu, yaani kamera ya kurekodi barabara: jua letu linaua betri ndogo za ndani, kwa hiyo tafuta inayotunza umeme kwa kapasita badala ya betri, mfano Viofo A119, halafu weka skrini yake ijizime baada ya dakika moja. Taa za rangi za miguuni usifunge. Kava za siti, kama siti ina airbag ya pembeni hakikisha kava ina sehemu iliyoachwa kwa ajili yake. Mati za mpira ni bora kuliko zulia kwa mchanga wetu, ila usipandishe mati juu ya mati upande wa dereva, inateleza inaenda kukwama kwenye pedeli.

Sasa bei. Jamani wauzaji, Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika Somanga kule Kilwa, kimbunga Hidaya, mzigo haupiti, mkapandisha, tukaelewa. Magari yanapita siku nyingi sasa, mbona bei zenu zimebaki kulekule? Halafu Oktoba minada ya korosho ikianza mnapandisha tena, boksi lilelile lililokaa kabatini tangu Juni linageuka mzigo mpya. Mkulima kasubiri hela mwaka mzima, anauziwa redio ambayo hata waya wake haujaunganishwa wote, na akirudi analalamika anaambiwa ongeza ya ufundi.

Ukienda kufunga, peleka gari saa kumi na moja jioni, lipa nusu tu. Giza likiingia kaa siti ya dereva, washa taa ndogo fundi akiwa hapohapo. Skrini isiposhuka mwanga afungue tena, na nusu iliyobaki usiitoe mpaka ishuke.