Edmonia Lewis: Boston au Roma?

Ni mji gani uliomfaa zaidi Edmonia Lewis katika kazi yake ya uchongaji: Boston ya Marekani au Roma ya Italia? Boston ndiko alikoanza kujulikana. Mchongaji huyu Mmarekani, mwenye damu ya Kiafrika na ya Waojibwe (wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini), aliuza huko nakala za plasta za sanamu ya Kanali Robert Gould Shaw, aliyeongoza kikosi cha wanajeshi weusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na fedha hizo zikamsaidia kuvuka bahari mwaka 1865 kwenda Italia. Wateja na watetezi wake walikuwa Boston. Ubaguzi nao ulikuwa huko huko.

Roma ilikuwa na marumaru nzuri, mafundi wa kuajiriwa kwa bei nafuu, na Wamarekani wenzake wanawake waliochonga. Hata hivyo, mara nyingi Lewis alishika tindo mwenyewe, asije mtu akadai kazi si yake. Itazame sanamu yake Forever Free (Huru Milele) ya mwaka 1867: mwanamume ameinua mkono wenye mnyororo uliokatika, mwanamke amepiga magoti kando yake.

Ubaya wa Roma ni umbali. Sanamu yake ya Cleopatra, malkia wa Misri ya kale, yenye uzito wa zaidi ya kilo 1,300, ilisafirishwa hadi maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, ikakosa mnunuzi, na baadaye ikawekwa kwenye kaburi la farasi wa mashindano karibu na Chicago! Inauma. Bado nasema Roma, maana sioni Boston ikimpa nafasi ya kuchonga jiwe kubwa namna ile.