Mshipi wa Kusukwa Baada ya Msimu Mzima wa Uvuvi

Nimeutumia mshipi wa kusukwa wenye nyuzi 8 kwa msimu mzima, mtoni na bwawani, baada ya miaka mingi ya kuvulia nailoni, na ninaona unastahili bei yake iliyo juu. Kwa kuwa haunyumbuki kama nailoni, mguso wa samaki anayeonja nyungunyungu hufika moja kwa moja kwenye kidole ninachouegemeza, hata chambo kikiwa mbali. Zamani samaki wa namna hiyo alikuwa amekwisha kula na kuondoka kabla sijahisi lolote.

Kutonyumbuka huko, hata hivyo, kunadai mkono mpole. Samaki wangu mkubwa wa kwanza alichomoka karibu kabisa na ukingo, ndoana ikiwa imempasua mdomo, kwa sababu nilikuwa nimekaza mno breki ya gurudumu la mshipi, na jambo hilo liliniuma sana. Aidha, mshipi ukinasa kwenye gogo, usiuvute kwa vidole vitupu, kwani hukata kama wembe. Mimi huuzungushia kijiti kwanza.

Katika maji maangavu mshipi huu huonekana kwa urahisi, hivyo mimi hufunga kipande cha nailoni chenye urefu wa mita 1 hivi kati yake na ndoana. Mafundo mengi ya nailoni huteleza kwenye mshipi huu, lakini fundo la Palomar, ambalo mshipi uliokunjwa mara mbili hupitishwa kwenye tundu la ndoana, halijaniangusha. Rangi imepauka, nguvu ni ileile.